Niliiondoa Breki ya Miguu, Nikanyamaza

Mdogo wangu hakurogwa. Aliyemuua ni mimi, kwa mikono yangu na kwa kunyamaza kwangu. Nawaambia ninyi msionijua, maana wanaonijua hawataki kunisikia.

Nilinunua baiskeli kuukuu kwa bwana shamba mmoja aliyehamishwa kutoka Kibondo. Ilikuwa na breki ya miguu: ukirudisha pedeli nyuma, gurudumu la nyuma linakamata. Mdogo wangu alijifunzia baiskeli hiyo hiyo na hakuwahi kupanda nyingine. Lakini alipenda kunitania. "Kaka, hicho chuma chakavu ungewapa wahunzi wakakufulia majembe."

Utani ule uliniuma. Milima yetu mnaijua, nusu ya safari unasukuma. Basi nikaenda Kasulu kwa mwenye duka mmoja, mzee wa pwani, nikapata gurudumu la nyuma lililotumika, lenye gia tatu.

"Kupanda umeshapata, bwana," akaniambia. "Kushuka je, utashushwa na malaika? Gurudumu hili halina breki ya miguu. Funga breki za mkono, mbele na nyuma, na umwambie kila atakayeipanda baiskeli hiyo."

Waya wa breki ya nyuma sikuupata, maduka yalikuwa matupu. Nikafunga ya mbele tu, na raba zake nikazichonga kutoka kwenye kiatu cha tairi. Nilipojaribu uwanjani, ilikamata. Nikasema inatosha. Jamani, uwanja si mlima!

Gia zilinilevya. Nilipanda mlima wa kwetu nimekaa kitini, watu wakitoka nje kunitazama. Mdogo wangu akaja mbio. "Kaka, leo nakubali! Niazime nimpelekee baba mkwe pombe huko Murungu, mke wangu amenituma, na mimi wanione."

Nikamwonyesha gia, moja baada ya nyingine. Nikamfungia dumu la pombe ya ndizi nyuma. Kuhusu breki sikusema neno. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau! Niliogopa atanicheka: gia tatu, na breki nusu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilikuwa bado inang'aa.

Waliomwona ni wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo kwenye mteremko wa kwenda Murungu. Walileta habari mbio. "Alikuwa anakanyaga kinyumenyume, na baiskeli inazidi kukimbia mbele! Alikanyaga hivyo hivyo mpaka alipoanguka darajani akafa. Miguu ile ilichezewa na mtu."

Ole wangu! Mimi nilijua miguu ile ilikuwa inatafuta nini.

Msibani maneno yalianza polepole, kisha yakamfikia mkewe. Si ndiye aliyemtuma kwao? Si ndiye aliyempa chakula asubuhi? Shangazi yetu akamuuliza mbele za watu, "Ulimlisha nini mtoto wetu?"

Yule mjane akanigeukia mimi. "Shemeji, sema kitu."

Nikainamisha kichwa kama mtu anayelia. Nilikuwa nalia kweli, lakini pia nilikuwa najificha.

Wakamrudisha kwao Murungu na mimba yake. Nilimwona akiondoka na mkeka wake kichwani, hakuna aliyemsindikiza. Hata mimi!

Niliposikia amejifungua, nilishindwa kuvumilia. Nikawaita wazee wa ukoo, nikalitoa lile gurudumu la zamani, nikawaonyesha: hili nililiondoa, sikumwambia marehemu, na miguu yake haikujua breki nyingine. Shemeji hana kosa.

Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha baba mdogo akaniwekea mkono begani. "Pole, mwanangu. Kumbe yule mwanamke amekufikia na wewe."

Tangu siku hiyo wananinywesha dawa. Nikisema tena, wanaiongeza.

Wewe unayesoma, ukiondoa kitu kwenye chombo atakachopanda mwenzako, mwambie kabla hajakaa, hata kama atakucheka. Na ukishakosa, sema siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wanauliza. Mimi nilingoja mpaka wakapata jibu lao. Sasa mtoto wa mdogo wangu anatambaa huko Murungu, na ukoo wetu umekataa kumpa jina.