Mkono Uliokataa Kushuka

Asubuhi niliyoondoka Masasi mji mzima ulinuka mabibo. Ni harufu ya msimu wa korosho, tamu na chachu kwa pamoja, inayokufuata hata ukijifungia ndani, na mimi ikinifikia puani miguu yangu hukataa kutulia. Nilikuwa nimekaa pale wiki sita nikibangua korosho na akina mama wenzangu kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja, vidole vimeingia weusi wa yale mafuta ya maganda yanayochoma. Siku hiyo sikuwa na sababu ya kuondoka, wala ya kubaki. Nilifunga kanga zangu na sufuria moja, nikamaliza chai, nikaenda kusimama barabarani chini ya yale majabali makubwa ambayo kila nikiyatazama naona kama mji ndio uliokuja kuomba nafasi kwao. Lori lililobeba magunia matupu likasimama. Dereva akachungulia, akauliza, "Dada, unashuka wapi?" Nikamjibu, "Utakaposimama wewe." Akanikagua kama mtu anayetafuta wazimu umekaa upande gani, kisha akafungua mlango.

Ndivyo ninavyoishi tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa tu nataka kujua baada ya kona ile ya barabara kuna nini, na baada ya kona kukawa na kona nyingine. Nimepika kwenye kambi za mafundi wa barabara, nimeuza vitumbua Tunduru, nimevuna ufuta Lindi. Lakini gari lilipomaliza kupanda mlima na kuingia uwanda wa Makonde, hewa ikawa baridi, ardhi ikawa ule mchanga mwekundu ninaoufahamu kwa nyayo, na muda si mrefu tukapita Mkunya, nilikozaliwa. Hatukusimama. Mama yangu hayupo tena duniani na nyumba ina watu wengine. Niligeuza shingo kutafuta mahali bomba la mtaa lilipokuwa, nikaona kibanda cha kuuzia vocha, na nyuma yake nyumba zenye mabomba yao uani. Hapo, kando ya dereva, nikaurudia msimu mmoja wa utoto wangu ambao sijawahi kumaliza kuushangaa.

Lazima nieleze habari ya maji, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Juu kule hakuna mto. Mvua ikinyesha mchanga unainywa yote, na maji ya bomba yalisukumwa kwa pampu kutoka bondeni, yakafika siku yalipojisikia. Kwa hiyo tulipanga ndoo. Foleni ilianza alfajiri, ikapinda ikauzunguka mkorosho wa mzee mmoja hadi kwenye uwanja wa shule, na watu wakarudi kwenye shughuli zao wakaziacha ndoo zisimame kwa niaba yao. Ndoo ilikuwa ndiyo mtu. Kila moja ilikuwa na alama yake: kitambaa kwenye mpini, rangi ya mlango iliyobaki, tundu lililozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Mtu mzima angeweza kwenda shamba, akarudi adhuhuri, akaikuta ndoo yake imesogezwa na wenzake hatua kwa hatua bila kupoteza nafasi. Sisi watoto ndio tuliobaki kusogeza, kulinda na kusubiri, na katika kusubiri ndipo tulipompata Bibi Esha.

Bibi Esha alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi aliyeolewa kwetu, na kwa kuwa Wamakua na sisi Wamakonde ni watani, aliruhusiwa kumwambia mtu yeyote jambo lolote, na mwenye kuambiwa hakuruhusiwa kununa. Alikuja na dumu la njano lililokatwa shingo, akaligeuza akalikalia, akalipiga kwa kisigino mara tatu. "Masikio mmekuja nayo?" Tunaitika, "Tumekuja nayo!" Naye, "Basi yashikeni, yasije yakaanguka mkicheka." Mpaka leo sijui zile hadithi alizitoa wapi. Kulikuwa na ile ya mtoto aliyekataa kuoga mpaka mihogo ikamwota masikioni, mbuzi wa kijiji kizima wakawa wanamsindikiza shuleni wakimtafuna majani. Kulikuwa na ya msichana aliyewapita wazee bila kuwapa shikamoo. Mdomo wake ukaona aibu, ukamhama usoni, ukawa unazunguka nyumba kwa nyumba unaamkia peke yake, na wazee wanaitikia marahaba, marahaba, bila kumwona mwenyewe. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Na kesho yake mtaani pakawa na shikamoo nyingi kiasi kwamba wazee walichoka kuitikia.

Sasa, msimu uleule greda likaja kuchonga barabara. Sikuwa nimewahi kuliona. Niliambiwa lina kisu kirefu tumboni na magurudumu sita, na limefika karibu na ofisi ya kijiji. Ndoo yangu ilikuwa nyuma kabisa, na nikajua nikisubiri zamu greda litakuwa limeondoka. Akina mama walikuwa wamejikunyata kivulini. Nikatembea polepole kama nanyoosha miguu, nikaichukua ndoo nyeupe iliyokuwa ya tatu kutoka bombani, yenye kitambaa cha bluu kwenye mpini, nikaipeleka nyuma, na yangu nikaiweka pale ilipotoka. Kazi ya mkono mmoja. Nilichota, nikafikisha maji nyumbani, nikakimbia kulitazama greda, na kwa kweli lilikuwa kubwa kuliko nilivyoambiwa.

Ile ndoo ya kitambaa cha bluu ilikuwa ya nyumbani kwa Fatu, rafiki yangu. Dada yake alikuwa amejifungua siku nne kabla, na Fatu ndiye aliyetumwa kuilinda foleni ili mzazi apate maji ya kuoga. Maji yalikatika ndoo yake ikiwa imebakiza watu wanane. Aliulizwa ilikuwaje ndoo ya tatu ikawa ya mwisho. Alikuwa amekwenda kidogo kuokota korosho chini ya mkorosho. Mama yake hakumpiga. Alimwambia kitu kibaya zaidi: kwamba mtu asiyeweza kulinda ndoo hawezi kuchukuliwa safari, na kwa hiyo Jumamosi hatakwenda Masasi. Fatu alikuwa ameahidiwa Masasi tangu mikorosho ilipotoa maua. Alikuwa hajawahi kushuka mlima. Alikuwa akiniuliza mimi, ambaye nami sikuwahi kufika, kama ni kweli kuna mawe marefu kuliko msikiti. Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilimwona ameikumbatia ile ndoo tupu, akilia bila sauti, nami nikakaa kando yake nikamwambia pole. Nilisema pole!

Jumatano Bibi Esha akalipiga dumu kwa kisigino. Tukayashika masikio. Akasema palikuwa na mkono. Mkono huo ulikuwa mzuri, wa kulia, unakula nao, unasalimia nao, mpaka siku moja ukachukua ndoo isiyo yake ukaihamisha mahali. Basi mwenye mkono alipotaka kuushusha, ukakataa. Ukabaki juu, hivi. Bibi Esha akaunyoosha wake juu kabisa na hakuushusha tena. Mwenye mkono akaenda kula, mkono uko juu, ugali anaula kwa mdomo kama bata. Akaenda shule, na kule ndiko alikokoma, kwa sababu mwalimu kila akiuliza swali anaona mkono umenyooshwa. "Haya, wewe unayejua, saba mara nane?" Hajui. "Wewe tena, mto mrefu kuliko yote?" Hajui. Hajawahi kuonekana mtoto mwenye hamu ya kujibu namna ile na asiyejua kitu namna ile. Akina mama walikuwa wakijifuta machozi kwa kanga. Mama Salumu, jirani yetu, akapiga kelele, "Mtani, huo mkono wa Kimakua huo!" Bibi Esha akamjibu, "Wa Kimakua ungeshuka zamani, una adabu." Nami nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikagundua kwamba mkono wangu wa kulia nimeukalia.

"Ulishukaje?" tukamuuliza. "Sijafika huko," akasema. "Kesho."

Alhamisi mkono ulikwenda msikitini, ukaenda harusini, kunguru akauona akadhani ni tawi akajenga kiota. Kila mtu alicheka isipokuwa Fatu, aliyekaa mbali, na mimi, ambaye kila nilipofungua mdomo nicheke nilihisi kama kuna mtu ananitazama. Nilikula kwa mkono wa kushoto, mama akanigombeza. Shuleni nilificha mikono yote miwili chini ya dawati. Nilikuwa na uhakika kwamba Bibi Esha aliniona, na kwamba Ijumaa atanitaja jina mbele ya foleni nzima. Na Jumamosi ilikuwa inakuja, gari la asubuhi litaondoka, Fatu akiwa hapahapa.

Ijumaa Bibi Esha akafika, akakaa, akaunyoosha tena mkono wake juu. Kisha akasema, "Wajukuu, leo nimekwama. Sijui mkono huu unashuka vipi. Nisaidieni." Watoto wakaanza: upakwe mafuta ya nyonyo! Ufungiwe jiwe! Wamtekenye kwapani! Kila jibu alilipima kwa uzito, akatikisa kichwa, mkono wake mwenyewe ukiwa juu, na niliona umeanza kutetemeka kwa uzee. Ule mtetemeko ndio ulionishinda. Sikupanga kusema. Nilisikia sauti yangu imeshatoka: "Utashuka ukiishika ndoo ileile na kuirudisha ilipokuwa."

Bibi Esha akanigeukia taratibu. "Kwa siri, au mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Nilisimama. Siku hiyo ndoo yangu ilikuwa ya tano kwa haki kabisa, na ile ya kitambaa cha bluu ilikuwa mbali kule nyuma. Nikaenda kuichukua, nikapita nayo mbele ya akina mama wote, nikaiweka mahali pa yangu, na yangu nikaipeleka mwisho. Njia ile haikuzidi hatua arobaini, na nimetembea nchi hii karibu yote ya kusini, lakini sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu nikasikia Bibi Esha akishusha pumzi. "Ahsante, mjukuu wangu. Ulikuwa umeanza kuniuma." Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa umetulia juu ya goti. Mama Salumu akainuka bila kuulizwa, akaenda kwa kina Fatu kuwaambia. Fatu alikwenda Masasi. Aliporudi hakunisemesha siku mbili, siku ya tatu akashindwa kuvumilia, akaniambia mawe ni marefu kuliko misikiti mitatu.

Lakini ninachokishangaa zaidi kilikuja baadaye. Nilimfuata Bibi Esha nyumbani kwake, nikampa shikamoo, nikamuuliza, "Bibi, siku ile uliniona nikihamisha ndoo?" Akaitikia marahaba, akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Nikuone na macho gani, mtoto wewe? Siku ile nilikuwa nimelala usingizi kivulini. Na wewe ni wa nne." Sikuelewa. Akanihesabia kwa vidole: kabla ya ile Ijumaa walikuja kwake watatu, kila mmoja peke yake, kila mmoja akimsihi asimtaje. Mmoja alihamisha ndoo mwaka uliopita. Mmoja alihamisha ndoo ya mama mkwe wake. Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na wajukuu. Nilirudi nyumbani nimeduwaa. Hadithi moja ya kuchekesha, imetupwa tu hewani, na watu wazima kwa watoto wamejinyanyua wenyewe wakaja kuikamata.

Lori liliposimama, lilisimama Makote, kwenye ghala la korosho. Katika kuzunguka kwangu kote sikuwahi kufika Makote. Ilikuwa alasiri. Nikauliza pa kulala, nikaelekezwa kwa Mama Nasra, mjane mwenye vyumba viwili ambavyo huwapangisha walimu wageni, na kimoja kilikuwa tupu. Nilipoingia uani nikamkuta mtoto wa kike wa miaka kama saba akizunguka bomba lao, mkono wa kulia ameunyoosha juu kabisa, na wadogo zake wakimfuata huku wakipiga makofi, "Umekwama! Umekwama!"

Nilisimama pale na mzigo wangu kichwani. Mama Nasra akatoka jikoni akicheka. "Karibu dada, usiwajali hawa. Amelamba sukari ya uji." Nikamuuliza mchezo ule umetoka wapi. Akasema ni hadithi tu ya zamani, aliikuta kwa mama yake, na hajui mama yake aliikuta kwa nani. Nikainama kwa yule mtoto, nikamuuliza, "Na unashukaje huo?" Akanijibu haraka, kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe: "Ukiishika ndoo ileile na kuirudisha ilipokuwa." Na mdogo wake akadakia, "Mbele ya watu!" Watoto hawa wanafungua koki maji yanatoka. Hawajawahi kupanga ndoo, hawajui foleni inayouzunguka mkorosho, wala hawajui kwamba maneno hayo yalimtoka mtoto fulani mwenye hofu, Ijumaa moja. Bibi Esha hayupo, bomba limeng'olewa, na mimi nimekuja bila mpango mahali nisipopajua, nikakuta sauti yangu ya utotoni imetangulia kufika na imeshapangishwa.

Mama Nasra alinionyesha chumba: kitanda cha kamba, dirisha linalotazama mikorosho, ndoo ya kuogea. Akaniuliza nitakaa siku ngapi. Kwa kawaida husema moja. Nikamwambia nitaangalia, ila kwanza nataka kusikia kama watoto wake wanaijua na ile ya mihogo iliyoota masikioni. Akafikiri. "Hiyo hapana," akasema, "hatujaisikia." Nikatoka nje na ile ndoo ya kuogea, nikaigeuza, nikaikalia, nikaipiga kwa kisigino mara tatu. Watoto wakasogea, yule wa sukari mbele yao na mkono wake ungali juu.

"Masikio mmekuja nayo?" nikauliza.

Wakatazamana, hawakujua la kuitika. Kisha mdogo kuliko wote, polepole sana, akapeleka kidole sikioni kuhakikisha.