Mstari Unaopita na Mstari Unaogeuka

Mwaka ule wa 2012 tulikula mahindi ya msaada na samaki mkavu wa Kalokol mpaka meno yakachoka. Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja mjukuu wangu Nakiru, msomi wa kwanza wa boma letu, alinikalisha uani hapa Kanamkemer. Kesho yake alitakiwa Kakuma, afundishe somo moja mbele ya wakubwa wa shule ya kambi ya wakimbizi. Likieleweka, kazi ni yake.

"Nyanya, leo wewe ndiye darasa."

Akaandika mchangani: y ni a mara x mara x, ongeza b, yote gawanya kwa x. "Mstari wake unapita mahali x ni mbili na y ni nane. Hapo hapo unafika chini kabisa, unageuka kupanda. Tafuta a na b."

Niliishia darasa la pili, lakini kugawanya najua. Nikaweka a tatu, b nne. Ikatoka nane. Nikajipiga kifua.

"Umekosa, Nyanya. Wako unapita hapo, haugeuki hapo. Panapogeuka, mteremko ni sifuri." Akatafuta mteremko: a, toa b iliyogawanywa kwa x mara x. Eti ukiwa sifuri, b ni a mara nne; basi a ni mbili, b ni nane.

Sasa nane yake ni nane, yangu ni mavi ya mbuzi? Kichwa kilinizunguka.

"Umeelewa?" Macho yake yaliomba ndiyo.

Mwanangu, ndiyo ilifika ulimini. Nikamkumbuka shangazi yangu. Nikiwa msichana alinituma kunywesha mbuzi: nichimbe maji kwenye laga, yaani mto mkavu, ile inayopita chini ya kilima chekundu na kukata kona hapo. Niliposikia "inapita" nikaitikia, nikakimbia. Nilichimba mto mkavu mwingine, unaopita hapo bila kukata kona, mchanga ukanifika begani, tone hakuna. Wanambuzi wawili wakafa. Shangazi akasema, "Kichwa chako kinaitikia kabla masikio hayajafika."

Nikamwambia Nakiru, "Sijaelewa, na sitasema nimeelewa."

Alinuna. Akafuta, akaeleza tena, mara tatu. Mwisho akachora mistari yote miwili: wake ukigeukia pale, wangu ukipita pale huku tayari unapanda. Nikaona kidogo, kama mtu ndani ya vumbi. Huko Kakuma Nakiru alianza na mchoro huo, akapewa kazi.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Jibu likikubali neno la kwanza, lijaribu kwa la pili. Usiitikie kumfurahisha unayempenda. Utamtuma penye mchanga mtupu. Mungu akupe masikio yanayotangulia kichwa, na maji kila uchimbapo.

Nakiru bado huniuliza kuhusu ile a na b. Namjibu: "Sijaelewa, na sitasema nimeelewa."