Cheti cha Alfajiri

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kompyuta wa maabara moja ya binafsi yenye makao Kitale na tawi Bungoma. Damu ilipimwa, majibu yakaingizwa kwenye mashine, na mtu wa mapokezi akayafungua kwenye ukurasa wetu na kumchapishia mgonjwa. Ukurasa ule tuliufunga kwa siri, jinsi benki zinavyofunga zao, kwa sababu Bungoma ni mji ambao majibu ya mtu yakiponyoka yanafika sokoni Chwele kabla yake mwenyewe.

Kufunga huko kulihitaji cheti. Nieleze hapa mara moja nisirudie tena: cheti ni kitambulisho cha mashine. Kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta yoyote inayofungua ukurasa hukikagua kwanza. Ikiona kimekwisha, inatoa onyo kubwa kwenye skrini na kuuliza kama unataka kuendelea hivyo hivyo. Amri yangu ilikuwa moja tu kwa watu wote wa mapokezi: onyo likitoka, usiendelee, nipigie simu.

Wezi walipovunja ofisi ya Kitale na kubeba mashine pamoja na funguo zake za siri, nilichoka na vyeti vya miaka mingi. Nikaamua kila cheti kiishi miezi mitatu kife, ili funguo zikiibwa mwizi naye afe nacho. Nilijiona mjanja kweli. Sikufikiria kwamba nimejitafutia bwana wa kunituma. Kila miezi mitatu ilibidi nikate cheti kipya Kitale, nikiweke kwenye flashi na kukipeleka Bungoma kwa mkono, kwa sababu tawi lilikuwa na mashine yake yenyewe katika chumba cha nyuma.

Mara moja nilichelewa. Nilikuwa Lwakhakha tukimzika shangazi yangu, na udongo ulikuwa haujajaa kaburini simu ilipolia. Nikaondoka na matope miguuni huku wajomba wakinikata jicho. Nilipofika Bungoma niliambiwa kuna mama aliyengoja majibu ya mtoto wake tangu asubuhi mpaka akakata tamaa na kurudi kwao. Sikupata kujua mtoto yule alikuwa na nini. Jambo hilo lilinikaa rohoni, na mpaka leo bado lipo.

Kisha nikapata mimba. Nilihesabu miezi ya mtoto, nikahesabu na ya cheti, nikakuta vyote viwili vinafika pamoja. Daktari wetu mkuu, mama mwenye maneno makali kama yangu, aliniita ofisini.

"Ukiwa leba na hiyo kitu ikatae, mimi nitafanya aje? Ati nikuletee kompyuta kwa kitanda?"

"Itajibadilisha yenyewe, daktari."

"Wewe sema tu ukweli. Kama haitajibadilisha, likizo yako tutaikata katikati, na mimi sitaki kufanya hivyo bana."

Nilikuwa nimetaka mtoto kwa muda mrefu kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Sikuwa tayari kumwacha akiwa na siku chache ili nikabembeleze mashine. Nikakaa chini nikaandika programu, tumbo likigusa meza. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiamini: kila cheti kikikaribia kufa, mashine ya Bungoma iombe kingine yenyewe, mashine ya Kitale itie sahihi, kirudi, kivalishwe, nami nisiguse kitu. Niliipangia kufanya kazi saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajafika ofisini. Niliijaribu kwa vyeti vya uongo, ikafanya vizuri. Lakini kujaribu ni kujaribu. Niliingia likizo na tumbo la mtoto na tumbo la wasiwasi.

Mtu wa mapokezi pale Bungoma alikuwa mzee mmoja Mwislamu aliyeishi karibu na msikiti, msafi, mpole, mbishi kupindukia. Alikuwa na saa ya mkononi aliyoirekebisha kwa Kiswahili. Sisi wengine ikiwa saa mbili asubuhi mshale wetu hukaa kwenye nane. Wake ulikaa kwenye mbili. Alinitania kila nilipokwenda: "Nyinyi mnaangalia nane mnatamka mbili, halafu mnajiita wasomi." Nilicheka, nikanywa chai yake ya tangawizi, nikaondoka.

Nilijifungua salama, msichana, na mama yangu akaja kunihudumia. Mtoto hakuwa amemaliza wiki simu ilipolia asubuhi, nikiwa namnyonyesha.

"Salaam aleikum, mama. Samahani sana. Lile onyo limetoka."

 Nilijua ilikuwa ndiyo asubuhi yenyewe ambayo cheti kilipaswa kujibadilisha. Basi kumbe kimeshindwa. Nikamwuliza yule mzee kuna watu wangapi wanangoja, akasema benchi limejaa, na kuna mama na mtoto mgonjwa. Aliposema hivyo nilimpa mama yangu mtoto na kuanza kutafuta viatu.

"Unaenda wapi?" mama akauliza.

"Bungoma."

"Na huyu anyonye nini? Hao watu si wangoje tu?"

 Nilikuwa nalia, na nikilia huwa nina hasira. Nilivaa kiatu kimoja. Kisha, kwa kuwa kile cha pili kilikuwa chini ya kitanda na mshono wangu wa kujifungua ulikuwa haujapona niweze kuinama, nilikaa nikamwambia mzee anisomee onyo lote, neno kwa neno. Alikisoma Kiingereza kile polepole kama mtu anayetoa miiba. Halikusema cheti kimekwisha. Lilisema muda wake haujaanza.

 Cheti kilichokufa hakiwezi kuwa hakijaanza. Kwa hiyo kilikuwepo kipya, na mashine ya chumba cha nyuma ilikuwa imeshakivaa.

"Mzee, stima ilipotea jana?"

"Ilipotea na radi. Leo nimewasha hii kompyuta yangu ya mapokezi, tarehe na saa zote zimerudi nyuma miaka. Lakini usijali, nimeirekebisha vizuri kabisa. Tarehe nimetoa kwenye kalenda."

"Na saa?"

"Saa nimetoa kwenye mkono wangu."

Niliuona mkono ule kana kwamba uko mbele yangu, na mshale wake kwenye mbili. Kompyuta ya mapokezi iliamini ni saa nane ya usiku. Cheti kilikuwa kimezaliwa saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kwake kilikuwa bado hakijazaliwa. Siku nyingine yoyote kosa hilo lisingeonekana. Ilitokea asubuhi hiyo moja tu ambayo cheti kilikuwa kichanga.

Nilimwomba aisogeze saa mbele, aandike nane pale alipoandika mbili.

"Lakini sasa hivi si saa nane, mama."

"Najua, mzee wangu. Tuidanganye tu hiyo kompyuta, wewe baki na ukweli wako."

Alicheka. Nikasikia vidole vyake vikigonga, kisha sauti yake ikiwa imegeuka kando ya simu, ikiita: "Mama wa mtoto, njoo. Majibu yako haya." Nikasikia pia ile printa kuukuu ikianza kukwaruza. Sijawahi kufurahia sauti mbaya namna ile.

Nilikata simu nikabaki nimekaa. Wakati ule wa alfajiri nilikuwa macho, nikimnyonyesha binti yangu gizani, nikihofia mashine itashindwa. Na kumbe dakika zile zile ilikuwa ikifanya kazi yangu, wala haikunihitaji.

Mama alinirudishia mtoto, akapiga magoti, akanivua kile kiatu kimoja.