Chachu Alizolisha Léonard

Kila Jumatatu, Léonard Kapya alipofika maabara ya hospitali, hakuanza na damu za wagonjwa. Alinawa mikono, akawasha kimoto cha gesi, akatoa chupa mbili nyembamba zilizoandikwa S1 na S2. Alichota kidogo kwa ncha ya waya, akapakaza juu ya jeli mpya, akaandika tarehe. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu cheupe chenye utelezi, kama maziwa yanayoanza kuganda. Ilikuwa chachu. Si ile ya kuumulia unga, ila ni ya ukoo wa mbali nayo. Ndiyo iliyomuua binti yake.

"Vieux Léonard," alitania Guelor, mwenzake wa meza ya pili aliyemwita mzee kwa Kifaransa, "banyama bako banakula muzuri kuliko shiye. Shiye bukari ya mahindi na bisamaki bya ndakala, bo beko na jeli ya Ulaya!"

Guelor alijua herufi S ni ya nani. Alitania kwa sababu ukimya wa Jumatatu ulimtisha.

Léonard alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Babu yake alishuka kutoka Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, na ukoo ukabaki Lubumbashi. Nyumba yao ilikuwa katika komini ya Kenya, mmoja wa mitaa ya mji huo, nyuma ya karakana za wachomelea milango, ambako mtu hupiga kelele hata akisema siri. Miaka ishirini na saba alikuwa ameinama juu ya hadubini. Mtaani walimwita Papa Labo, na watoto walimsimamisha njiani: "Papa Labo, malaria iko na rangi gani?" Naye alijibu kwa uzito, kama anaulizwa na waziri: "Zambarau. Lakini ni shiye njo tunaipakaka rangi." Wakabaki midomo wazi.

Syntiche alikuwa mtoto wao wa pekee, miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuo kikuu. Kichwa kilianza kumuuma mwanzo wa mvua. Wakatibu malaria. Kichwa kikaendelea. Wakatibu malaria tena. Siku aliyoanza kuona vitu viwili-viwili, Daktari Rachida alimchoma sindano ya mgongo, akavuta maji ya uti wa mgongo na kuyapeleka maabara.

Kichupa kikatua kwenye meza ya Léonard. Alisoma jina. Guelor akasema, "Leta, nitafanya miye." Léonard akakataa. Alidondosha tone la maji ya mgongo, akaongeza tone la wino mweusi, akafunika kwa kioo, akaweka jicho.

Sasa ajabu ya chachu hii ni koti lake. Inajivika koti nene la utelezi, na wino haupenyi humo. Ukichungulia unaona giza tupu, na ndani ya giza miviringo inang'aa, mmoja, mitano, mia. Ni kitu kizuri kutazama. Huo ndio uchungu wenyewe, kwamba ni kizuri. Léonard alihesabu hadi akashindwa, kisha akaandika jibu kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa miaka ishirini na saba.

Daktari Rachida alipowaeleza wazazi, alitumia neno la Kifaransa, *levure*, yaani chachu. Mama yake Syntiche, Germaine, alikuwa muuza bitumbula, maandazi yale ya mviringo ya asubuhi. Alisikia neno hilo tu. Alirudi nyumbani, akamwaga unga wote uliokwisha kuumuka, akasugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka.

"Mama Syntiche, si ile," Léonard alimwambia. "Ile ya mukate ni kama ndugu wa mbali ya kijiji. Hii inaishi mu miti, mu vumbi. Muntu anaivuta na hewa. Zingine zinachagua bale beko na damu zaifu. Hii haichague."

Germaine akakubali. Lakini hakupika tena.

Vidonge alivyoandikiwa vilifanya kazi mwanzoni. Syntiche alirudi nyumbani, akaanza hata kumcheka baba yake anavyoimba besi kanisani. Germaine ndiye aliyempa dawa kila asubuhi. Wiki ya saba kichwa kikarudi. Maji ya mgongo yakachukuliwa mara ya pili, na safari hii chachu ikajaribiwa maabara: dawa ilimiminwa juu yake kama maji juu ya mgongo wa bata. Syntiche akafa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Siku ya tatu ya kilio, wageni wakiwa uani, Germaine alimvuta mume wake chumbani.

"Baba Syntiche, niko na neno. Mutoto alikuwa anatapika ile dawa. Kila kitu anakula, anatapika. Nikamuachisha. Siku tano. Nikasema tumbo ipumuzike kwanza, akule kidogo. Akakula, unaona? Akakula bukari, akacheka. Sikukuambia."

Léonard alimshika mkono.

"Ni miye njo nilimuua?"

Tangu siku ile Germaine hakukaa mezani. Alikula akiwa amesimama, jikoni, vijiko viwili vitatu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Majirani waliendelea kumwita Mama Syntiche, maana jina hilo halina mahali pa kwenda, na kila alipoitwa aliitika kwa kuchelewa.

Hapo Léonard akakumbuka kwamba chupa za chachu zilizohifadhiwa maabara zilikuwa mbili. S1, chachu ya siku ya kwanza, ambayo haikujaribiwa kwa dawa. S2, chachu ya baada ya zile siku tano.

Hebu fikiri. Chachu moja inachipua mtoto, mtoto anachipua mwingine, na kila mara inaponakili maandishi yake ya ndani inaweza kukosea herufi, au kurudia ukurasa mzima. Nyingine zinakuwa goigoi, nyingine kali, zisizoogopa dawa. Inawezekana ile ya kwanza ilikuwa kali tangu ilipoingia kwa Syntiche. Basi siku tano za Germaine hazikubadilisha kitu. Au ilikuwa laini, na katika mapumziko yale zilizokaribia kufa zikapata nafasi ya kujifunza. Zikisomwa zote mbili na kulinganishwa, mtu angejua, naye akamweleza Germaine hivyo.

"Ulaya banaweza soma," alisema Daktari Rachida. "Lakini makaratasi itakawia, Papa Léonard. Uchunge ile ya kwanza muzuri."

Friza ya maabara ilikuwa nzima. Umeme ndio haukuwa mzima. Mara mbili Léonard alikuta barafu imekuwa dimbwi. Akaogopa. Akazitoa chupa katika friza, akaamua kuzitunza kwa mkono, akizihamishia kwenye chakula kipya kila Jumatatu zisife. Hata alipougua alikuja. Jumatatu ya ishirini na tatu kibali kikapatikana, sampuli zikasafiri. Yeye akaendelea kuzilisha zilizobaki, huenda wangeomba nyingine.

Jumatatu ya thelathini na moja, Daktari Rachida alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Papa Léonard, kaa."

"Nitasimama."

"Zote mbili ni laini. Dawa inaziua zote, hata kidogo tu. Na koti karibu hakuna."

"Haiwezekane. S2 tuliona na macho. Dawa haikuigusa."

"Njo vile. Zimebadilika. Mu ile jeli hakuna wa kupigana naye. Hakuna dawa, hakuna damu. Ile yenye kuvaa koti nzito inachoka bure, ile yenye haina inakula haraka, inazaa mingi. Kila Jumatatu ulichota bale benye kuzaa mingi. Zile kurasa zilikuwa zinazifanya kali, kama zilikuwako, zimezitupa. Ya kwanza ilikuwa namna gani siku ile, hakuna mwenye anaweza kusema."

Léonard alijua. Hilo ndilo lililomvunja. Alifundishwa jambo hili akiwa kijana, aliwahi hata kulifundisha. Lakini mtu anayelisha hafikirii kwamba anaharibu.

Mlangoni Guelor, aliyekuwa amesikia yote, alimshika bega. "Vieux, umuambie tu Mama Syntiche ilikuwa kali tangu mwanzo. Nani atajua?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Léonard alilifanyia mazoezi neno hilo. Alilisema kimoyomoyo kati ya cheche za wachomeleaji, akaliona linakaa vizuri mdomoni. Germaine alikuwa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Banajibu?"

"Banajibu." Alikaa kwenye kigoda. "Banasema ile ya kwanza..."

Germaine aliacha majani. Uso wake ulifunguka kabisa, ukawa uso wa zamani, na Léonard akaona atakavyoishi na uso huo miaka yote, yeye peke yake akijua ni uongo.

"...banasema hawajue. Ju yangu miye. Nilizilisha mpaka zikabadilika. Niliharibu, Mama Syntiche. Hatutajua."

Germaine alimtazama. "Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

"Hata ile siku ulikuwa na homa?"

"Hata ile."

Akarudia sombe. Kisha mikono yake ikasimama. "Ulikuwa unataka zisife," akasema. Hakusema amemsamehe.

Kesho yake alivaa kitenge cha kutokea, wakaenda hospitali pamoja. Hakuwa amewahi kuingia maabara ile. Guelor alimpisha kiti. Léonard aliandaa wino, akamweleza habari ya koti, akamwonyesha pa kuweka jicho kwenye hadubini.

"Njo hizi?"

"Hapana. Ni bitukuu bya zile. Bya mbali sana."

"Hazina hata koti."

"Hazina."

Alizitazama mpaka jicho likatoa machozi, akalifuta, akatazama tena. Kisha akaomba chupa zenyewe. Alizishika kwa viganja viwili, S1 na S2, kitu cha mwisho kilicho hai ambacho vizazi vyake vya kwanza vilipita katika mwili wa Syntiche. Léonard alifungua jungu la mvuke linaloua vijidudu vya maabara. Germaine mwenyewe ndiye aliyeziweka ndani, na yeye ndiye aliyesukuma kifuniko.

"Dakika ngapi?"

"Makumi mbili."

Wakakaa nje, kwenye ubao wa wagonjwa, mvuke ukipiga mluzi nyuma ya mlango. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliwasogelea.

"Banatoa damu hapa? Munangoja majibu?"

"Hapana, mama," Germaine akamjibu, akimpisha nafasi ya kukaa. "Shiye tulishapata."