Magugu Niliyoyafuata Hadi Soin

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa kidato cha nne walitawanyika mara tu baada ya mtihani, mmoja Nakuru, mwingine Mombasa, mwingine hata mama yake hajui. Mimi nilifika kwenye lango la kwetu, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaona panatosha. Kama kungekuwa na shindano la kukaa kwenye kigoda karibu na moto, ningewakilisha wilaya.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa tayari na mke, ng'ombe wawili na kipande cha chai si mbali na Kiptere. Kipande kilikuwa kidogo, lakini usafi wake! Chai ilianzia barabarani ikaja mpaka karibu kuingia sebuleni. Chochote kilichothubutu kuota katikati ya mistari kiliondoka siku hiyo hiyo na mizizi yake. Siku moja afisa wa kilimo alipita, akasimama, akasema shamba kama hili linafaa kuonyeshwa watu. Kwa wiki nzima nilitembea kama mtu aliyemeza fimbo.

Kati ya niliowafukuza alikuwemo saga. Sisi Wakipsigis tunaiita isakek. Watu wa mke wangu, kule Nyamira, huita chinsaga. Ni mmea wenye majani matanomatano yaliyotandazwa kama vidole, na shina lenye vinyweleo vinavyonata. Ukiushika, harufu yake inakaa mkononi hadi kesho, uoge usioge. Zamani haukupandwa na mtu. Ng'ombe wakilala mahali, kisha boma likahamishwa na mvua ikanyesha, saga ilikuwa inafika kabla mwenye boma hajaamua atapanda nini. Ni mboga chungu, na wazee walisema uchungu huo ndio dawa yenyewe: inaongeza damu, inafungua tumbo, na kwa mwanamke aliyejifungua inaleta maziwa. Mwalimu wetu wa sayansi alituandikia ubaoni kwamba majani ya namna hiyo yana madini ya chuma na vitamini. Niliandika, nikapata alama, nikarudi nyumbani nikaing'oa. Mezani kwetu kulikuwa na kabichi ya kununua, na sukuma wiki.

Basi mke wangu akajifungua mtoto wa kike mwezi wa Januari, wakati jua limekausha mpaka adabu za watu. Mtoto alikuwa mzima, na sauti ya kuuza mnada. Shida ilikuwa maziwa. Yalitoka kidogo, mtoto akanyonya, akaachilia, akalia, na mke wangu akalia pia, na mimi nikaenda nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mama mkwe alifika kutoka Nyamira na furushi kichwani. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti karibu na kiti, na mama mkwe hawezi kulala kwenye nyumba ya binti yake. Kwa hiyo alilala kwa mama yangu, ng'ambo ya ua, na mchana alikaa na binti yake jikoni. Mimi nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa mabati. Maneno kati yetu yalipitia kwa mama yangu, aliyeketi mlangoni kama karani wa mahakama, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

"Mama," alisema mama mkwe ndani, kwa sauti ya kufika barabarani, "uliza baba mtoto, mboga iko wapi?"

"Anauliza mboga iko wapi," mama akaniambia.

"Kuna kabichi."

"Anasema kuna kabichi."

Mama mkwe alikuwa amesikia mwenyewe. "Kabichi ni maji yamevaa nguo nyingi. Mimi nikizaa huyu msichana nilikula chinsaga mpaka majirani wakaja kuniangalia. Mwambie nataka chinsaga."

"Amesikia," alisema mama, akiniangalia kwa furaha ambayo sikuipenda.

"Na mwambie hivi. Kama hapa kwake hakuna chinsaga, mimi naenda na hawa watu wangu Nyamira. Mama na mtoto. Watarudi mtoto akitembea."

Mtoto akitembea! Hapo utani uliniisha. Nilikuwa ndio nimeanza kuzoea ile harufu ya mtoto kwenye shati langu, na yule mtu mdogo alikuwa ameanza kunishika kidole kwa nguvu kama anayedai haki yake. Niliwaza nyumba ile ikiwa tupu, mimi na kabichi tunatazamana. Kwa mtu wa nyumbani, nyumba isiyo na watu ni ukuta tu na mabati. Wakati huohuo nilijua mama mkwe hakuwa na ubaya. Mjukuu wake alikuwa na njaa. Ningekuwa yeye, ningewabeba siku hiyohiyo.

Nikaingia kwenye chai yangu kutafuta magugu. Niliinama chini ya kila mstari, nikapitisha mkono kila pembe. Shamba lilikuwa safi kabisa, laana yake.

Jirani yangu alinitazama kutoka ng'ambo ya ua. "Bwana, umepoteza pesa?"

"Natafuta saga."

Alijishika kiuno kwanza, ndipo akacheka. "Wewe? Si ni wewe ulikuja hapa mwaka jana na kelele, eti saga yangu inarusha mbegu kwako?"

"Bado unayo?"

"Niliing'oa, mkubwa! Nikapanda chai. Nilitaka na mimi nionyeshwe watu."

Kwenye kituo cha kupimia majani habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake walinipisha kwenye foleni wakisema mpisheni mgonjwa. Mmoja aliuliza kama nikipata saga nitaileta pale ipimwe pamoja na chai. Nikavumilia, kwa sababu katikati ya kicheko mwingine alisema jambo la maana: huku juu kiangazi kimemaliza yote, niteremke Soin, kwa watu wenye ng'ombe wengi na nafasi.

Nikamwambia mama. Alikuwa na dada yake huko.

"Dada yangu atakupatia," alisema. "Shida ni wewe. Hata sokoni ukienda unarudi umekonda."

Niliazima baiskeli. Kutoka kwetu kwenda Soin unateremka, na joto linakuja kukupokea njiani. Kwetu mtu huvaa sweta hata akiwa na hasira. Nilipofika chini, sweta ilikuwa kichwani na breki zilikuwa zinanuka.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharagwe uani. Aliponiona alisimama, mkono kifuani. "Ee! Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Wote wazima. Nimekuja kutafuta isakek."

"Isakek ndiyo imekutoa kwa nyumba?" Akakaa tena. "Harusi haikukutoa, mazishi ya mjomba wako haikukutoa. Kumbe tungesema tu kuna mboga."

Nilipomweleza habari ya mtoto, aliacha maharagwe palepale. Alinipeleka nyuma, penye boma la zamani, karibu na mahali ng'ombe walinyweshewa maji. Maji yaliyomwagika kila siku yalikuwa yameilisha saga mpaka ikanifika kiunoni, kijani kibichi, na nyuki wadogo juu ya maua yake meupe. Sijawahi kuona magugu mazuri vile.

"Chuma yale majani machanga ya juu," alisema. "Yenye mbegu iache. Mimi naenda kuweka chai."

Nikachuma. Kuchuma, jamani, ndiyo kazi yangu. Mikono yote miwili ilikwenda yenyewe, tak, tak, tak, nikijaza viganja na kurusha nyuma, kujaza na kurusha, huku nikimwaza mtoto, nikimwaza mama mkwe akifungua furushi lake. Nilimaliza upande mmoja wa boma kwa kasi ambayo ningependa afisa wa kilimo aione. Kisha nikasikia mama mdogo akipiga yowe.

Niligeuka. Nyuma yangu walikuwa wamesimama mbuzi wake, wametulia kama waumini, wakingoja kiganja kinachofuata. Kwenye chai tunabeba kikapu mgongoni na kurusha majani juu ya bega. Siku ile mgongoni hapakuwa na kikapu. Nilikuwa nawarushia mbuzi.

"Ni mkono wa chai!" mama mdogo alisema alipoweza kusema. Alikuwa amekalia jiwe, machozi yanamtoka. "Huyo beberu leo atatoa maziwa!"

Nikaanza upande wa pili. Safari hii alisimama nyuma yangu na fimbo, akifukuza mbuzi, na kila mkono wangu ulipoinuka kuelekea begani aliupiga kidogo: "Gunia! Gunia liko mbele!" Tulipomaliza, gunia likiwa bado na nafasi, alilifunika kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa maji ili mboga isinyauke. Nilipotia mkono mfukoni alinikaripia. Mboga ya mzazi, alisema, yeye haiuzi.

Kupanda kurudi sitaki kukueleza. Baiskeli niliisukuma, gunia likiwa limekaa juu yake kama bibi arusi. Nilifika jioni, nikaliweka mlangoni mwa jikoni na kuketi mahali pangu ukutani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa vita. Mama yangu ana njia yake ya kupika isakek: inachemshwa, maji yanamwagwa, inatiwa maziwa na kulazwa kwenye chungu mpaka kesho ndipo uchungu upungue. Niliamini watu wa Nyamira wana njia nyingine, na tayari nilikuwa nimepanga maneno ya kupatanisha.

"Nyinyi mnalaza na maziwa?" nilisikia mama akiuliza.

"Kwani kuna njia ingine?"

Vita vikaishia hapo. Wakawa kitu kimoja, na wote wawili wakageukia upande wangu. Ni nani aliweka sufuria ya bati kwa nyumba ya watu wanaokula saga? Chungu kiko wapi? Nikaenda kuleta chungu cha mama, nimechoka hivyo hivyo. Waliamua sehemu ndogo iliwe jioni ileile, na uchungu wake wote, na iliyobaki ilazwe.

"Muulize," alisema mama mkwe wakati wa kuchambua majani, "mbona hii gunia haijajaa?"

Mama akaniuliza. Nikaeleza habari ya mbuzi, nikitazama mbele, nikiuambia ukuta wa zizi. Nilipofika pale pa kugeuka, ndani kulilipuka kicheko ambacho sikukijua. Si cha mama, si cha mke wangu. Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. Ndipo mke wangu naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe.

"Kula sasa," mama yake akamwambia.

"Ni chungu, mama!"

"Meza. Mume wako amelisha mbuzi kwa sababu yako."

Aliimeza, na uji wa wimbi juu yake. Kesho akala ile iliyolazwa, laini, na uchungu mdogo wa kukukumbusha tu kwamba unakula kitu. Hata mimi nilipewa kwa sahani ya mlangoni, na ugali. Siku zilizofuata maziwa yalianza kuja, kwanza ya kumtuliza mtoto, kisha ya kumlowesha mama yake nguo. Kama ilikuwa saga, au uji, au kucheka, au mama yake kukaa karibu akimshika mgongo, mimi sijui. Mwalimu wa sayansi hakufika hapo. Najua tu kwamba mtoto alinyonya akalala, na ukimya ule tuliusikia kama muziki.

Lakini kuhusu Nyamira hakuna aliyesema neno, na mimi niliogopa kuuliza. Asubuhi moja nilitoka kukamua, nikaona kamba ya nguo imejaa. Nepi zote, shali, na leso za mama mkwe zenyewe, zile zilizokuwa ndani ya furushi. Mtu anayesafiri hafui leso zake zote asubuhi. Nikasimama na ndoo ya maziwa kama mjinga.

Mama yangu alikuwa mlangoni tayari.

"Anasema mtoto anakaa," aliniambia. "Anasema yeye pia anakaa, mpaka mvua."

"Vizuri," nikasema, na sauti ikatoka ndogo.

"Na anasema mboga inaisha leo jioni. Uende tena Soin." Akangoja kidogo, akisikiliza ndani. "Na ubebe kikapu."

Nikampa ndoo, nikaenda kujaza baiskeli upepo.