Msusi na Kilio cha Kwanza

Pale saluni, mwanamke akishakaa kwenye kiti na kitana kikagusa kichwa, hadithi za uzazi huanza zenyewe. Huyu alibakiza kidogo tu azalie ndani ya teksi. Yule alimporomoshea mumewe matusi ambayo mpaka leo wote wawili wanaona haya kuyarudia. Na kila hadithi huishia pale pale: "Basi, nikamsikia analia, nikasahau yote." Hapo saluni nzima huguna kwa utamu, na msusi, ambaye wateja walimpachika jina la Vidole kwa wepesi wa mikono yake, huinamia msuko kama anayetafuta chawa.

Kwa sababu yeye hakusikia. Binti yake wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitano na ni msemaji kama chiriku, alitolewa kwa upasuaji wa dharura, mama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Alipofumbua macho, mtoto alikuwa ameshafutwa, ameshafunikwa, ameshaonwa na mumewe, mama mkwe na jirani wa mama mkwe. Jamani, hata jirani alimtangulia!

Walimwambia ashukuru, naye alishukuru kwa moyo mmoja, maana wote wawili walitoka hai. Lakini ile hamu haikumtoka. Binti akilia kwa sababu kandambili imekatika, yeye humtazama na kujiuliza: siku ile ulilia hivi? Alimuuliza mumewe, fundi friji asiye na maneno mengi, akajibiwa, "Mlango ulifungwa. Sikusikia kitu." Siku moja uvumilivu ukamwishia, akawatungia wateja uongo: alisukuma saa tatu nzima, mtoto akalia mpaka madirisha yakatetemeka. Wateja wakaupenda, wakawa wanaudai. Miaka minne sasa anausimulia, na kila mara anauongezea chumvi.

Mimba ya pili ilipofika miezi saba, alikwenda hospitali na neno moja tu moyoni: safari hii atasukuma. Alipofungua mlango wa chumba cha ushauri, akasimama pale pale kizingitini. Kando ya daktari, na fomu mbele yake, alikaa mkunga ambaye ni mteja wake wa kila mwisho wa mwezi. Uongo ule ameusikia si chini ya mara kumi. Lo, makubwa!

"Karibu, mdogo wangu," mkunga akasema. "Uzazi wa kwanza ulikuwaje?"

Kalamu ikangoja juu ya karatasi. Vidole akatazama kucha zake. "Upasuaji," akasema. "Nisamehe, dada. Yale ya saluni niliyatunga."

Mkunga akaandika bila kuinua uso. "Tuendelee."

Daktari, kijana mpole, alieleza bila haraka. Faili la zamani lilionyesha kwamba tumbo la uzazi lilikatwa sehemu ya chini, kwa upana, kwa hiyo kujaribu njia ya kawaida kuliwezekana, na wengi hufanikiwa. Ila ingebidi aje mara tu uchungu unapoanza na akae chini ya uangalizi, kwa kuwa mara chache kovu huachia. Au wapange siku, apasuliwe akiwa macho, kwa sindano ya mgongoni.

"Nataka kusukuma," Vidole akadakia.

"Sawa. Uamuzi ni wako."

"Na mambo yakiharibika katikati?"

"Tutakuingiza chumba cha upasuaji. Tukiwa na muda, utapewa sindano ya mgongoni. Tusipokuwa nao..."

"Nitalazwa tena usingizi."

"Huenda."

Miaka yote hii Vidole alidhani anatamani kusukuma, kumbe kusukuma kulikuwa kwa ajili ya wateja. "Daktari, hiyo ya kupanga siku, nitamsikia?"

"Kwa kawaida, ndiyo."

"Basi niandikie hiyo." Machozi yakaanza kumtoka, na hakujisumbua kuyaficha. "Mwenzenu nina hamu, jamani. Huyu nitamsikia. Lakini yule wa kwanza ndiyo basi tena, hakuna hata wa kunisimulia."

Daktari akatoka kwenda kutafuta kalenda ya upasuaji. Mkunga akaiweka kalamu chini.

"Siku ile nilikuwa zamu," akasema. "Mimi ndiye niliyempokea."

Vidole akamkodolea macho. "Wewe? Umekaa kwenye kiti changu miaka yote hiyo, unanisikiliza nikidanganya, na hukusema neno?"

"Ningesema nini mbele za watu? Niliona unavyotaka iwe kweli."

Aibu angeiona baadaye. Vidole akaushika mkono wa mkunga kwa mikono yake yote miwili. "Alilia?"

"Kwanza alikaa kimya. Tukamsugua mgongo. Halafu akapiga chafya ndogo, ndipo akalia. Si kwa nguvu. Kasauti kembamba, kanakatika katika, kama mtu anayeuliza jambo. Nikamleta karibu na uso wako, ingawa ulikuwa umelala. Akalia pale pale, sikioni mwako, mpaka akatulia."

"Sikio gani?"

"La kushoto."

Vidole akalifunika kwa kiganja. Daktari aliporudi na kalenda, ilimbidi aulize tarehe mara mbili.