Bi Laini na Simu za Vidoleni

Miaka thelathini na minne mwanamke huyu alikaa kwenye chumba cha simu cha kiwanda cha sabuni, akiwaunganisha watu, mpaka kiwanda kizima kikamwita Bi Laini. Alikuwa na sheria moja: hakati simu ya mtu bila kuingia kwanza kwa adabu na kuuliza, "Samahani, mmemaliza?" Meneja aliulizwa. Mke wa meneja aliulizwa. Siku ghala lilipoungua na wazima moto wanatafutwa, Bi Laini aliwasubiri kwanza makarani wawili wamalize kuteta. Ghala likaisha lote.

Alipostaafu, vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi havikunji wala havikunjuki, vifundo vyekundu, vya moto, ukivigusa anaruka. Na vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa mdomo wake kwa mumewe. Mzee alikuwa fundi mitambo, masikio yakaishia kwenye kelele za mashine, na wawili hao walikuwa wamejitungia lugha yao ya mikono. Kidole kidogo kikizungushwa, maana yake jirani ameanza kujidai tena.

Hospitali wakamtoa damu, kisha daktari, dada mmoja mpole, akamweleza.

"Mama, chembe nyeupe za damu yako ni walinzi. Kidudu kikiingia, ya kwanza kukiona inatoa ujumbe. Nyingine zinaupokea, nazo zinatoa wa kwao. Mishipa inatanuka, damu inajaa, maji yanavuja kwenye nyama, walinzi wanamiminika. Ndio uvimbe huo."

"Na kidudu kiko wapi?"

"Hakipo. Zinapigiana simu tu."

"Kwa sababu gani?"

"Mwili wako umezihadaa, zinadhani maungio yako ni adui. Zisipozuiwa zitayatafuna mpaka vidole vipinde kabisa. Ila kuna sindano. Inaudaka ujumbe mmoja njiani, haufiki."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Yaani uwakatie watu mazungumzo katikati?"

"Watu gani, mama?"

"Hao hao!" Akachukua mkoba wake, huyooo.

Jamani, mtu na akili zake timamu! Alifika nyumbani, akaweka mkono mezani, akauinamia na kuuliza kwa sauti ile ile ya kazini, "Samahani, mmemaliza?" Kidole kimoja kikapwita.

"Bado," akamwambia binti yake. "Wana jambo zito."

Binti akashika kichwa. "Mama, utakuwa kilema kwa sababu ya adabu!"

"Tulia wewe. Nitawauliza tena saa nane."

Akauliza saa nane, akauliza kesho yake, akauliza wiki tano. Vidole vikawa vinene, vigumu, hata kikombe anakishika kwa viganja viwili. Kalamu ndiyo usiseme.

Wiki ya sita, wakiwa mezani, mumewe alisema kwa sauti yake kubwa ya kiziwi, "Mke wangu, nimekukosea nini?"

Bi Laini akashtuka.

"Mwezi na zaidi hunisemeshi. Unaongea na mkono wako, mimi nakutazama tu. Kama umenichoka, niambie nijue."

Akainua mikono amjibu. Vidole vikagoma. Akatikisa kichwa kwa nguvu, lakini kichwa kinajua ndiyo na hapana tu, na yeye alikuwa na mengi mno ya kusema. Alilia mbele ya chai yake, na mzee akadhani amejibiwa kwamba kweli amechokwa, akainuka akatoka nje.

Asubuhi daktari alimkuta mlangoni, mkono wa gauni umeshapandishwa.

"Nichome."

"Umekubali tuzikatie?"

"Kata! Mijitu isiyo na aibu, wiki sita inazungumza upuuzi, na mume wangu anasubiri!"

Sindano si muujiza. Wiki ya kwanza hola, ya pili hola, ya nne moto ukaanza kupoa. Kisha siku moja anapiga deki, akaona ameshika mti wa deki bila kuuma meno. Wakati huo huo mzee akaingia na viatu vyenye grisi, akakanyaga sakafu mbichi.

Weee! Bi Laini alitupa deki, akamshukia kwa mikono miwili. Viatu. Kukoroma. Bomba linalovuja tangu mwaka juzi. Na nani kakwambia nimekuchoka, mzee mzima hovyo, nani kakwambia?

Mzee akavuta kiti, akakaa na viatu vyake, machozi yanamtiririka. Mkewe akasita, mikono hewani.

"Endelea," mzee akamwambia. "Tena hapo kwenye viatu sijaelewa vizuri. Rudia."